Soko la nyumba Dar es Salaam limebadilika: dalali ahame au abaki?

Swali: Mimi ni dalali wa nyumba jijini Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nimepangisha nyumba na apatimenti za Masaki, Oysterbay na Mikocheni, ambako kodi ilikuwa inatajwa kwa dola. Sasa bei lazima itajwe kwa shilingi, apatimenti mpya zimekuwa nyingi, wapangaji wanajitafutia wenyewe Instagram, na wenye nyumba hawakubali kushusha kodi hata nyumba ikikaa tupu. Kila wiki naonyesha nyumba, lakini mikataba ninayofunga ni michache. Wenzangu wananishauri nihamie kwenye viwanja vya Goba, Madale na Kigamboni, na wengine wanasema niende Dodoma. Je, nihame, au kazi hii imekwisha? Na je, ni sahihi kuendelea kumtoza mteja hela ya kupelekwa kuona nyumba?

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako lina mambo manne ambayo umeyatia katika kapu moja, na ushauri wa kuhama unaopewa na wenzako unatokana na kuyatazama yote kana kwamba ni jambo moja. Kutaja bei kwa shilingi ni takwa la kisheria, na halitaondoka kwa sababu sisi tunalilalamikia. Wingi wa apatimenti ni matokeo ya ujenzi uliokwisha kufanyika, kwa hiyo utaendelea kuwapo mpaka wapatikane wapangaji wa kuzijaza. Mitandao imewapa wapangaji habari ambazo zamani hawakuwa na njia ya kuzipata ila kupitia kwako. La nne, yaani wenye nyumba kushikilia bei ya zamani, ndilo pekee ambalo neno lako linaweza kulibadilisha, nalo ndilo linalokula muda na mafuta yako kuliko mengine yote. Nitakaa zaidi hapo, kisha nitakuja kwenye viwanja.

Dalali wa zamani aliuza habari ya mahali nyumba ilipo. Mpangaji hakuwa na namna ya kujua kwamba ghorofa ya tatu ya jengo fulani la Oysterbay imeachwa wazi mpaka dalali amwambie, na kwa habari hiyo alilipa udalali wa kodi ya mwezi mmoja bila manung'uniko. Habari hiyo leo ni ya bure. Zimebaki habari mbili ambazo bado ni adimu: bei ambayo nyumba za aina hiyo zinafungwa kwa kweli, na uhalali wa nyaraka za mtu anayejiita mwenye mali. Matangazo yamejaa bei za kuombea, lakini bei za makubaliano hazibandikwi mahali ambapo mwananchi wa kawaida atazisoma, na hata zile zinazoandikwa kwenye mikataba ya mauziano si zote zinazosema kweli, maana wapo wanaopunguza tarakimu ili kupunguza kodi ya serikali. Wewe uliyefunga mikataba kwa miaka mingi katika mitaa ile ile umepita katikati ya bei hizo za kweli, na kama hukuziandika, umekuwa ukitupa mali ambayo mwenye Instagram hana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua daftari, liwe la karatasi au la kompyuta. Kwa kila nyumba unayoishughulikia andika mtaa, idadi ya vyumba na vingapi kati yake ni masta, kama kuna jenereta na tangi la maji, maegesho ni ya magari mangapi, bei iliyotajwa siku ya kwanza, bei iliyofungwa, malipo yalikuwa ya miezi mingapi, na nyumba ilikaa tupu kwa muda gani. Kisha weka safu moja ambayo madalali wengi hawaiweki, ya sababu ya kila mteja aliyeona nyumba na kukataa. Mmoja atasema jiko ni dogo, mwingine atasema barabara ya kuingilia haipitiki wakati wa masika, wa tatu atasema nyumba ameipenda lakini kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo hana. Ukimpelekea mwenye nyumba sababu hizo zikiwa na tarehe, mazungumzo yenu hayatakuwa tena ubishi wa maoni yake dhidi ya maoni yako.

Tuchukue nyumba ya Mikocheni ambayo mwenyewe anataka shilingi 1,500,000 kwa mwezi, wakati daftari lako linaonyesha kwamba nyumba za namna hiyo zinafungwa kwa 1,200,000. Anakwambia atasubiri. Mwonyeshe kwamba akisubiri miezi mitano atakuwa amepoteza shilingi 6,000,000 ambazo angezipata kwa kukubali bei ya soko leo. Hata akibahatika baada ya miezi hiyo kumpata mtu wa 1,500,000, ziada yake ni 300,000 kwa mwezi, kwa hiyo atahitaji mpangaji huyo akae miezi 20 bila kuhama ndipo arudishe alichopoteza, na hapo sijahesabu mlinzi aliyemlipa kulinda nyumba tupu. Hesabu hii iandike kwenye karatasi mbele yake. Nimeona wenye nyumba ambao hawakuwasikiliza madalali kwa miezi kadhaa wakilegea mbele ya hesabu ya namna hii, kwa sababu aliyewaambia hakuwaambia kwamba nyumba yao haina thamani. Aliwaambia kusubiri kunawagharimu kiasi gani.

Kushusha kodi, hata hivyo, si njia pekee, na mara nyingine si njia bora. Katika jiji hili kinachomzuia mpangaji mara nyingi ni malipo ya mkupuo kuliko kodi ya mwezi. Nyumba ya 1,200,000 inayodaiwa miezi sita humtaka mpangaji awe na 7,200,000 siku ya kusaini, na akiongeza udalali wa mwezi mmoja inakuwa 8,400,000, kabla hajalipa gari la kuhamisha vyombo. Mwenye nyumba akikubali miezi mitatu, kiasi hicho kinashuka hadi 4,800,000 bila kodi yenyewe kupungua hata shilingi. Waajiriwa wenye mishahara mizuri lakini wasio na akiba kubwa ni wengi, na dalali anayejua kuwapatanisha na mwenye nyumba kwa masharti ya malipo anafunga mikataba ambayo mwenzake ameiacha njiani.

Hapa lazima niseme neno kuhusu cha juu. Najua ni desturi iliyozoeleka: mwenye mali anataja bei yake, dalali anaongeza ya kwake juu bila kumwambia mnunuzi, na mara nyingi bila kumwambia hata mwenye mali. Katika soko linalopanda, tabia hiyo hujificha, kwa kuwa kila mtu anapata. Katika soko zito inakuumiza wewe mwenyewe. Nyumba moja ikishikwa na madalali wanane, na kila mmoja akaweka cha juu chake, mteja ataiona mtandaoni kwa bei nane tofauti na kuhitimisha kwamba nyote ni matapeli. Zaidi ya hapo, bei unayoiandika katika daftari lako inakuwa ya uongo, na daftari la uongo halina faida. Omba asilimia yako waziwazi, iandikwe, na ilipwe na aliyekutuma.

Hilo linanipeleka kwenye makubaliano ya uwakala. Acha kushughulikia nyumba ambayo mwenyewe ameitawanya kwa kila dalali wa mtaa. Mwombe akupe wewe peke yako kwa siku 60 au 90, kwa maandishi, na katika maandishi hayo useme utamfanyia nini: picha za mchana zilizopigwa nyumba ikiwa safi, bei moja katika kila tangazo, taarifa kila Ijumaa ya walioona na walichosema, na mapitio ya bei baada ya wiki nne kama hakuna ofa. Wapo watakaokataa, hasa wale wanaoamini kwamba madalali wengi maana yake ni wateja wengi. Waache. Nyumba tano ulizokabidhiwa kwa maandishi zitakulisha kuliko nyumba 50 ambazo kila asubuhi huna hakika kama bado zipo.

Kuhusu shilingi, hali ni nyepesi kuliko inavyosemwa. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025, zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi mwaka huo, zinakataza bidhaa na huduma zinazotolewa nchini kutajwa bei, kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Zingatia neno kutangazwa, kwa sababu linakuhusu wewe moja kwa moja: tangazo lako la zamani lenye alama ya dola ambalo bado lipo kwenye ukurasa wako ni ushahidi dhidi yako, kwa hiyo lifute leo. Hofu ya wenye nyumba ni kwamba shilingi ikidhoofika kipato chao kitaliwa, na hofu hiyo si ya kubeza, maana tangu mwaka 2024 shilingi imeshuka na kupanda dhidi ya dola zaidi ya mara moja. Kuifunga kodi na dola kwa mlango wa nyuma kutawaingiza matatizoni. Badala yake, washauri waandike mkataba wa mwaka mmoja, au wa miaka miwili wenye ongezeko la asilimia lililotajwa tangu mwanzo, ili mpangaji ajue atakacholipa na mwenye nyumba ajue atakachopata. Mpangaji anayelipwa mshahara kwa shilingi, ambaye zamani alizikwepa nyumba za dola kwa kuogopa kiwango cha ubadilishaji cha kila mwezi, sasa anaweza kuzifikiria. Huyo ni mteja mpya kwako, wala hukulazimika kuhama ili kumpata.

Sasa tuje kwenye kuhama. Soko la Dar es Salaam limewahi kutikiswa namna hii ndani ya kumbukumbu yako. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma, Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia huko, na watumishi wakafuata kwa awamu. Kodi za nyumba za daraja la juu jijini Dar es Salaam zilishuka, na ofisi za kupangisha zikatafuta wapangaji kwa shida, jambo lililochangiwa pia na serikali kubana matumizi. Madalali wengi walikimbilia Dodoma wakiwa na simu na matumaini. Walichokikuta ni soko lenye historia yake: viwanja vilivyokuwa vimetolewa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa Mei 2017 na majukumu yake kukabidhiwa halmashauri, pamoja na migogoro ya umiliki ambayo mwenyeji aliifahamu kwa majina na mgeni aliijua baada ya kuuza. Ujuzi wa dalali ni wa mtaa hadi mtaa. Ukihama, unaacha sehemu kubwa ya mtaji wako nyuma na kuanza kama kijana aliyeingia kazini jana. Dodoma imekua, ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na tangu Julai 2024 imeunganishwa na Dar es Salaam kwa treni ya umeme ya reli ya kisasa. Kama una ndugu au mshirika mwaminifu huko, mgawane udalali kwa wateja unaowapeleka. Lakini usifunge biashara ya Mikocheni kwa sababu ya habari za Dodoma.

Viwanja ni jambo lingine, na hapa nakuomba uwe mwangalifu sana. Kupangisha nyumba vibaya humkera mtu kwa miezi sita. Kumuuzia mtu kiwanja kibaya humpotezea akiba ya maisha yake, na jina lako litakuwa kwenye mkataba. Wakazi waliobomolewa nyumba Kimara mwaka 2017, kando ya Barabara ya Morogoro, kwa sababu ya hifadhi ya barabara, si watu waliovamia usiku. Wengi wao walinunua, wakajenga na kuishi hapo kwa miaka. Kigamboni nako, mradi wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha wenye ardhi kwa miaka kadhaa bila kujua kama wajenge, wauze au wasubiri fidia. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016 eneo hilo lilichangamka, lakini dalali aliyeuza kwa kusema tu kwamba daraja linakuja, bila kufungua ramani ya mipango miji, alikuwa anacheza bahati nasibu kwa pesa za mwingine.

Kama bado unataka kuingia kwenye viwanja, basi kabla hujapiga hata picha moja, fanya yafuatayo kwa utaratibu. Omba nakala ya hati au ya leseni ya makazi, kisha fanya upekuzi rasmi kwa msajili wa hati ili ujue jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio la mahakama. Nenda kiwanjani na mpima ardhi aliyesajiliwa, mzitafute bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, ardhini na mlinganishe namba zake na ramani ya upimaji. Bikoni iliyong'olewa na kupandwa upya mita tatu pembeni haionekani kwenye picha ya simu. Uliza katika idara ya mipango miji ya manispaa matumizi yaliyopangwa ya eneo hilo, maana kuna viwanja vinavyouzwa kila siku ambavyo kwenye ramani ni eneo la wazi, shule au njia ya maji. Zungumza na majirani wa pande zote nne bila muuzaji kuwepo. Eneo likiwa halijapimwa, usimwachie mteja aamini kwamba muhuri wa serikali ya mtaa ni hati ya umiliki, na mweleze mapema kuhusu ile asilimia 10 ambayo baadhi ya viongozi wa mitaa huidai katika mauziano, ambayo mawaziri wamekwisha kuikemea hadharani. Muuzaji akiwa na mwenzi wa ndoa na mali ikiwa ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi ni ya lazima tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kama mali ni ya marehemu, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si mtoto mkubwa aliyeshika funguo.

Ukiyasoma hayo ukaona ni mengi, hapo ndipo ilipo biashara yako ya miaka ijayo, nawe unaweza kuianza papo hapo ulipo. Mitaa ya Ilala, Kariakoo na Magomeni imejaa nyumba za urithi ambazo warithi wangependa kuziuza lakini hawajakamilisha mirathi, na hakuna dalali anayetaka kuzigusa kwa kuwa kazi yake ni ndefu. Dalali mwenye wakili anayemwamini, anayewaongoza warithi mpaka mahakamani na kurudi, hushindana na wachache. Vivyo hivyo kwa Watanzania walioko Oman, Uingereza au Marekani ambao hutuma pesa za kununua kiwanja kwa ndugu na kuletewa maneno badala ya hati. Mtu huyo hahitaji kuambiwa kiwanja kilipo. Anahitaji mtu wa kumtumia majibu ya upekuzi, video ya mpima akiwa kwenye bikoni, na utaratibu wa pesa kukaa kwa wakili mpaka uhamisho ukamilike. Muulize tu mapema kuhusu uraia wake, kwa sababu masharti ya ardhi kwa asiye raia ni tofauti, na jibu la hilo alipate kwa wakili kabla hajalipa.

Mambo mawili ya kisheria nitayapitia kwa haraka. Agizo la serikali la Julai 2025 liliweka udalali na uwakala wa nyumba miongoni mwa biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya. Linakupunguzia washindani kidogo, lakini nawe uwe na leseni na namba ya mlipakodi, ili usionekane kuwa kivuli cha mtu mwingine. Na sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawahesabu mawakala wa nyumba kuwa watoa taarifa, yaani watu wanaopaswa kuripoti miamala yenye shaka, kwa hiyo tunza nakala ya kitambulisho cha kila mnunuzi na uulize chanzo cha fedha pale mtu anapotaka kulipa mamilioni kwa noti mkononi.

Mwisho, hela ya kupelekwa. Mteja wa kawaida anayetafuta chumba na sebule Sinza ameizoea, ingawa hata yeye huilipa akinung'unika, kwa kuwa wapo wanaoishi kwa hela hiyo bila kukusudia kumpangisha mtu yeyote. Kwa nyumba za Masaki na Mikocheni nakushauri uiondoe kabisa, na badala yake umchuje mteja kwa simu kabla hamjaonana: bajeti yake kwa mwezi, anaweza kulipa miezi mingapi kwa mara moja, anahamia tarehe ngapi, na nani mwingine lazima aione nyumba kabla ya uamuzi. Asiyeweza kujibu maswali hayo manne mtumie video na umwambie arudi akiwa tayari. Anayeyajibu, mpeleke kwa gharama yako, tena nyumba zisizozidi tatu kwa siku, ukianza na ile ambayo daftari lako linakuambia kwamba ndiyo inayomfaa.